Noti ni za kweli, usiku umeshonwa: jibu kuhusu rekodi za jukwaani za roki nzito

Msomaji mmoja wa Kikwajuni ameniandikia hivi: "Maalim, marehemu baba yangu aliwahi kuwa baharia, na katika vitu alivyoniachia zimo sahani mbili za santuri za Deep Purple, Made in Japan. Nazipenda mno. Lakini rafiki yangu tunayekaa naye barazani anashikilia kwamba hakuna rekodi ya jukwaani ya bendi za roki nzito iliyo ya kweli, kwamba wote walirudi studio wakapiga upya kisha wakapachika makofi. Je, ndivyo? Na mtu asiye fundi anaweza kujua kwa masikio yake tu?"

Ndugu msomaji, nianze kwa kumtendea haki rafiki yako, kwa sababu hoja yake ina ukweli mwingi kuliko unavyodhani, ila ameielekeza kwenye sahani isiyostahiki. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti, zaidi katika taarabu kuliko roki, na nimejifunza kwamba maneno "rekodi ya jukwaani" yanabeba madai mawili ambayo watu huyachanganya. Dai la kwanza ni kwamba kila noti unayoisikia ilipigwa mbele ya watu. Dai la pili ni kwamba noti hizo zilipigwa usiku mmoja, katika ukumbi mmoja, kwa mpangilio huo unaousikia. Made in Japan inalitimiza dai la kwanza kwa kiwango kilicho nadra katika muziki wa aina yake; dai la pili hailitimizi hata kidogo.

Deep Purple, bendi ya roki nzito ya Uingereza, walifanya maonyesho matatu Japani mwezi wa Agosti 1972: tarehe 15 na 16 katika Festival Hall ya Osaka, na tarehe 17 katika Nippon Budokan ya Tokyo. Ian Gillan aliimba, Ritchie Blackmore alipiga gitaa, Jon Lord kinanda, Roger Glover besi na Ian Paice ngoma. Wazo la kurekodi halikuwa lao. Lilitoka kwa kampuni iliyokuwa ikiwauzia sahani zao huko Japani, nao walilikubali kwa shingo upande na kwa masharti: fundi awe ni wao wenyewe, Martin Birch, ambaye alikuwa amezoea kuwarekodi studio, na kisitolewe chochote mpaka wao waridhike. Mashine ilikuwa ya njia nane, na gharama yote hutajwa kuwa kiasi cha dola 3,000, fedha ambayo hata kwa zama zile ilikuwa ndogo mno kwa sahani mbili za bendi kubwa. Waliporudi, Glover na Paice ndio waliokaa kuchanganya sauti; wenzao hawakulipa jambo hilo uzito. Nimewahi kuwaona watu wakishangaa wanapoelezwa hayo, kwamba sahani inayohesabiwa kuwa kipimo cha rekodi zote za jukwaani za roki nzito ilifanywa na watu ambao nusu yao hawakujali. Mimi sishangai. Mtu asiyejua kwamba anatengeneza kumbukumbu hupiga muziki kwa watu waliokuwa mbele yake tu, na ndivyo inavyotakiwa.

Nikueleze maana ya njia nane, maana hapo ndipo penye ufunguo wa swali lako. Kila njia ni mfereji mmoja katika utepe, na kila mfereji hubeba sauti unayoweza kuipandisha au kuishusha baadaye bila kuigusa nyingine. Wanamuziki walikuwa watano. Ngoma peke yake, na matoazi yake, zinaweza kumeza maikrofoni nne au tano. Watazamaji nao wanataka maikrofoni zao, la sivyo ukumbi utasikika mtupu kama ghala. Kwa hiyo maikrofoni kadhaa hulazimika kuchanganywa palepale, muziki ukiendelea, na kuingizwa katika njia moja. Kilichochanganywa hivyo hakichanganuliwi tena, kama vile tui likishatiwa mchuzini hulitoi. Fundi wa leo ana njia 48 au zaidi katika kompyuta moja ya mkononi, na kila kipande kimesimama peke yake kikingoja kurekebishwa. Birch hakuwa na nafasi hiyo, na uhaba huo wa njia ndio mlinzi wa kwanza wa ukweli wa sahani yako.

Mlinzi wa pili, aliye mkubwa zaidi, ni kuvuja kwa sauti. Maikrofoni haijui kwamba imewekwa kwa ajili ya mwimbaji. Inasikia kila kinachoifikia, na mbele ya bendi ya roki nzito kinachoifikia ni kila kitu. Deep Purple hao hao waliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa bendi yenye kelele kuliko zote, kwa kipimo cha desibeli 117 katika onyesho la mwaka huo huo wa 1972, ukumbi wa Rainbow jijini London. Jukwaa la namna hiyo halina siri: gitaa linasikika ndani ya maikrofoni ya ngoma, ngoma zinasikika ndani ya maikrofoni ya mwimbaji, na kila sauti huifikia maikrofoni ya jirani ikiwa imechelewa kidogo, kwa sababu sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde na si zaidi. Kwa mwendo huo, maikrofoni iliyo umbali wa mita 3 huipata noti karibu sehemu 9 za elfu moja za sekunde baada ya ile iliyo kinywani. Sikio halihesabu ucheleweshaji huo, lakini linautambua kama unene, kama harufu ya mahali.

Naomba nikusimulie kosa langu mwenyewe, kwa kuwa lilinifunza zaidi ya kitabu chochote. Miaka mingi iliyopita nilirekodi kikundi kimoja cha taarabu katika ukumbi wa hapa mjini, fidla nne, akordioni, udi, dumbaki na waitikiaji, na katika ubeti wa tatu sauti ya mwimbaji ilikatika. Siku ya pili akaja, akaomba aimbe upya ubeti ule tu, nami kwa ujana wangu nikaona ni jambo dogo. Aliimba vizuri mno. Nilipoiweka sauti mpya mahali pa ile ya zamani, nikasikia nyuma yake mtu mwingine akiimba maneno yale yale, kwa mbali, na pale pale alipokatika jana akakatika tena. Ilikuwa ni sauti yake mwenyewe ya usiku uliopita, iliyokuwa imevuja katika maikrofoni za fidla. Ili niiondoe ningelazimika kuzizima fidla, na nikizizima fidla wimbo hauna miguu. Tuliirudisha sauti iliyokatika, na hivyo ndivyo ilivyotolewa. Baadhi ya wapenzi wa kikundi kile huniambia kwamba pale ndipo wanapopapenda.

Sasa hamisha kisa hicho kwenye jukwaa la Osaka, ambako kila amplifaya inanguruma, uone jinsi ilivyo kazi kubwa kubadilisha sauti ya mtu mmoja bila kuacha mzimu wake nyuma. Haiwezekani? Inawezekana, na watu wamefanya, lakini lazima ama ubadilishe karibu kila kitu, ama ukubali alama zibaki. Alama hizo ndizo unazoweza kuzitafuta kwa masikio yako, wewe na rafiki yako, bila ya kifaa chochote.

Msikilize mwimbaji wakati haimbi. Katika rekodi ya kweli, maikrofoni yake inabaki wazi, na ngoma zinazovuja ndani yake zinaendelea kuwapo. Tena mwimbaji anapoisogelea maikrofoni na kuiziba kwa kichwa chake, mlio wa matoazi hubadilika rangi kidogo, kisha hurudi anapojitenga nayo. Katika rekodi iliyopandikizwa sauti ya studio, mwimbaji akinyamaza kunakuwa na kimya safi mahali pake, kama kwamba mlango umefungwa, na akianza tena mlango hufunguliwa. Ukishausikia mlango huo mara moja, hutausahau. Kisha hesabu watu. Bendi yenye mpiga gitaa mmoja ikitoa magitaa mawili kwa wakati mmoja, au mwimbaji akijiitikia mwenyewe huku bado anaimba, kwa zama za miaka ya 1970 hakuna namna ya kuyafanya hayo jukwaani isipokuwa kwa kanda au kwa studio. Na kosa je? Makosa si uthibitisho kamili, maana fundi mjanja anaweza kuyaacha kwa makusudi, lakini rekodi ya saa nzima ya watu wanaoruka na kutoka jasho, ambayo haina hata noti moja iliyoteleza, inastahiki kutiliwa shaka.

Kwa mtihani huo, geuza hadi upande wa tatu wa sahani zako, kwenye Strange Kind of Woman. Katikati ya wimbo ule Blackmore anapiga kipande kifupi cha gitaa, Gillan anakijibu kwa sauti, gitaa linapanda, sauti inapanda, mpaka wanafikia kimo ambacho binadamu wa kawaida hakifiki. Mtu wa Unguja hahitaji kufunzwa kinachotendeka hapo, kwani ndivyo fidla na mwimbaji wanavyojibizana. Zingatia mapengo: mmoja hajui mwenzake atafanya nini, na kila jibu linachelewa kiasi kidogo cha mtu anayesikiliza kwanza. Ucheleweshaji wa kusikiliza hautungiki studio, kwa sababu anayepandikiza anasikia kitu anachokijua tayari. Zingatia pia kwamba gitaa liko upande mmoja wa spika na kinanda upande wa pili. Zima upande wa gitaa, na bado utalisikia gitaa kwa mbali katika upande uliobaki, likiwa limepitia maikrofoni za watu wengine. Huko ndiko kuvuja nilikokueleza. Wanamuziki wenyewe wamesisitiza kwamba hawakurudi studio kupandikiza kitu katika sahani hii, nami sina sababu ya kuwapinga, maana masikio yangu yanakubaliana nao.

Hayo ni ya dai la kwanza. Sasa nije kwenye la pili, ambalo rafiki yako angelishika angenishinda.

Chukua upande wa pili. Una nyimbo mbili, Smoke on the Water na The Mule. Ya kwanza ilipigwa Osaka tarehe 15 Agosti. Ya pili, ambayo kwa sehemu kubwa ni Paice peke yake na ngoma zake, ilipigwa Tokyo tarehe 17. Upande wa tatu uko vivyo hivyo: Strange Kind of Woman ni ya Osaka tarehe 16, Lazy ni ya Tokyo tarehe 17. Upande wa kwanza wote na wa nne ni wa Osaka, usiku wa pili. Kwa hiyo ule usiku mmoja ambao baba yako aliukaa na kuusikiliza, akiwa baharini au chumbani kwake, haukuwahi kuwapo. Ni nyusiku tatu zilizochaguliwa vipande, zikashonwa, na makofi ndiyo uzi. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya makofi katika rekodi zote za jukwaani, wala si kutufanya tuamini kwamba watu walikuwapo: makofi hayana noti wala mahadhi, kwa hiyo makofi ya Osaka yakipunguzwa polepole huku ya Tokyo yakipandishwa polepole, hakuna sikio litakalogundua mahali yalipokutana. Mshono huo ukijaribu kuufanya katikati ya wimbo, utaonekana kama kiraka cha kanga kwenye kanzu.

Lakini ukumbi haufichiki. Festival Hall ya wakati ule ilikuwa ukumbi wa tamasha wenye viti chini ya elfu tatu. Budokan ni jumba lililojengwa kwa ajili ya judo katika Michezo ya Olimpiki ya 1964, linaloingiza watu zaidi ya elfu kumi. Isikilize ngoma ya Paice katika Smoke on the Water, kisha katika The Mule, uangalie kinachobaki hewani baada ya pigo. Hii ni njia nzuri ya kuyafunza masikio, kwa sababu mpigaji ni yule yule na fundi ni yule yule, na kilichobadilika ni kuta. Kwetu anayetaka kulielewa jambo hilo na aende Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara asimame karibu na jukwaa, kisha arudi nyuma hadi ukutani: kutoka mita 30, pigo la ngoma litamfikia karibu sehemu moja ya kumi na moja ya sekunde baada ya mkono kuonekana ukishuka, na mawe yale ya zamani yatamrudishia pigo lile mara ya pili.

Kwa nini hawakutoa usiku mmoja kamili tu? Kwa sababu tatu, na mbili kati yake ni za kawaida kabisa. Upande wa sahani ya santuri hubeba takriban dakika 20 kwa ubora mzuri, na Space Truckin' peke yake, jinsi walivyokuwa wakiirefusha, inaujaza upande wa nne wote; kwa hiyo nyimbo za mwisho, zile za kuitwa tena jukwaani, hazikupata nafasi. Kisha kila usiku una udhaifu wake. Usiku wa kwanza wa Osaka haukuwaridhisha, na kutoka usiku ule walichukua Smoke on the Water pekee, kwa kuwa ndipo Blackmore alipoufungua wimbo kwa namna ile ile ya rekodi ya studio ambayo watu wanaijua. Hebu fikiria: wimbo ambao leo hata mtoto anayeanza kujifunza gitaa huanza nao ungeweza kutufikia ukiwa na mlango mwingine kabisa, kama wale wawili waliokuwa wakichanganya wangechagua usiku mwingine. Sababu ya tatu ni hiyo ya kuchagua yenyewe. Mwaka 1993 zilitolewa CD tatu zenye sehemu kubwa ya maonyesho yote matatu, na anayezisikiliza anapata kuona yaliyoachwa, na mara nyingine anatamani yaliyoachwa yangekuwa ndiyo yaliyochukuliwa. Mimi binafsi nawaunga mkono Glover na Paice karibu kila mahali.

Na kama rafiki yako anataka kucheka, mwonyeshe jalada. Picha ya jukwaa lililojaa taa iliyoko mbele ya Made in Japan haikupigwa Japani. Ilipigwa London, katika ukumbi wa Rainbow.

Sasa nimpe haki yake. Kiss walitoa Alive! mwaka 1975, sahani iliyowatoa katika madeni na kuwafanya maarufu, na fundi wake Eddie Kramer amekiri kwamba sehemu kubwa ilipigwa upya studio. Rekodi ya Judas Priest ya Tokyo iliyotoka 1979, Unleashed in the East, yaani "Imefunguliwa Mashariki", ina sauti ya mwimbaji wao Rob Halford aliyoimba baadaye kwa sababu usiku ule sauti yake haikuwa nzima, na mashabiki waliibandika jina la kejeli la kwamba imefunguliwa studio. Kuhusu Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya 1978, kuna ugomvi usiokwisha: Tony Visconti aliyeisimamia alisema asilimia 75 ilifanywa studio, na watu wa bendi wakakataa katakata. Mimi sahani hiyo naipenda, na nikiipima kwa mtihani wa mlango nasikia milango mingi. Wengine hawakubadilisha noti ila walicheza na jina: No Sleep 'til Hammersmith ya Motörhead, iliyofika namba moja Uingereza mwaka 1981, haina hata wimbo mmoja uliorekodiwa Hammersmith, mtaa wa London unaotajwa katika jina hilo; sehemu kubwa ilitoka Leeds na Newcastle.

Huwezi kuandika haya ukiwa Unguja bila kuulizwa kuhusu Queen, kwa hiyo nitangulie kabla sijaulizwa. Freddie Mercury, mwimbaji wao, alizaliwa mjini hapa tarehe 5 Septemba 1946, na Queen ya mwanzo ilikuwa bendi ya roki nzito bila ya shaka yoyote. Anayetaka ushahidi asikilize maonyesho yao ya Rainbow ya 1974, yaliyokaa kabatini mpaka yakatolewa 2014. Lakini rekodi yenye funzo zaidi kwa swali lako ni Live Killers ya 1979, iliyokusanywa kutoka miji mbalimbali ya Ulaya kati ya Januari na Machi ya mwaka huo. Walipofika katikati ya Bohemian Rhapsody, pale penye kundi kubwa la sauti zinazojibizana, Queen hawakujaribu kuimba. Sauti zile zilijengwa studio kwa kurekodi watu watatu juu ya wenyewe mara nyingi mno, na wanaume wanne jukwaani hawawezi kuzitoa. Basi waliondoka jukwaani, taa zikacheza, kanda ya studio ikapigwa ndani ya ukumbi, kisha wakarudi kwa kishindo na gitaa. Hebu niambie, hiyo ni ya kweli au ya uongo? Sauti si ya usiku ule, lakini tukio ni la usiku ule, na kila aliyekuwapo alisikia hivyo hivyo. Nina heshima kubwa kwa uamuzi ule, zaidi ya ninavyowaheshimu wanaoacha midomo ikiendelea kuchezacheza mbele ya maikrofoni iliyozimwa. Tofauti kabisa ni Live Magic ya 1986, ambamo nyimbo zilikatwakatwa ili zienee, hadi ubeti unaoujua ukaupita bila kuuona. Hapo sauti karibu zote ni za jukwaani, na bado mimi naiona hiyo kuwa si ya kweli kuliko ile yenye kanda.

Niongeze jambo moja ambalo mtu wa kwetu atalielewa upesi. Kinanda cha Hammond alichokipiga Jon Lord hutoa sauti kwa magurudumu ya chuma yanayozungushwa na mota, na kasi ya mota hiyo hufuata mapigo ya umeme. Umeme wa Tokyo ni wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kama wetu. Wa Osaka ni wa hezi 60, kwani Japani imegawanyika hivyo tangu zamani. Kinanda kilichotengenezwa kwa 60 ukikichomeka kwenye 50 kinashuka karibu nusu-toni tatu, na gitaa la mwenzako halitashuka nalo. Kila bendi yenye kinanda kile iliyosafiri baina ya miji hiyo miwili ilibidi ipate ufumbuzi kwanza. Nililikumbuka hilo katika ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipotuangusha Unguja nzima na tukawa tunarekodi kwa jenereta. Jenereta likilemewa umeme unayumba, na chombo chochote kinachotegemea mapigo ya umeme kwa tuni yake kinayumba nao. Tulishukuru kwamba udi hauna waya.

Kuhusu sahani zako zenyewe, kwa kuwa zimekaa miaka mingi katika hewa yetu ya chumvi na unyevu, bila shaka zina ukungu na mikwaruzo. Zifute kwa maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mistari wala si kuikata. Usipitishe maji kwenye karatasi ya katikati. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Kisha usije ukaichukulia kila "tap" unayoisikia kuwa ni kasoro. The Who walipotoa rekodi yao ya Chuo Kikuu cha Leeds, ya tarehe 14 Februari 1970, walilazimika kuandika kwa mkono kwenye kibandiko cha sahani kwamba mlio wa kuchakarika umo ndani ya kanda na usirekebishwe. Ukitaka kujua mlio ni wa sahani au wa ukumbi, tumia saa: sahani yako inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 1.8. Mlio unaorudi kwa nafasi hiyo hasa, mara tatu au nne mfululizo, ni mkwaruzo. Ukija mara moja tu na usirudi, uache ulivyo, yawezekana ulitokea Osaka.